Siku sita Uskoti na jaketi jekundu la gofu

Siku ya kwanza, Alhamisi

Treni ya kutoka Manchester kwenda Edinburgh imejaa mpaka watu wamesimama milangoni, mi nimebahatika siti ya dirishani, begi la nguo nimelipandisha juu lakini jaketi nimelipakata. Siwezi kuliweka na masanduku ya watu hata iweje. Limekunjwa ndani ya shuka jeupe la pamba, bitana kwa nje, mikono nimeijaza karatasi laini isije ikajikunja ikavunjika nyuzi, manake sufu ya zamani ikikaa na mkunjo mmoja muda mrefu inakatika palepale penye mkunjo.

Kwa wasionijua, mi ni mtoto wa fundi cherehani wa Tanga, nimekulia chini ya meza ya kukatia nguo, vipande vya vitambaa ndo vilikuwa midoli yangu. Sa hizi niko Manchester mwaka wa kumi na moja, nafanya kazi ya kupunguza na kurekebisha nguo za watu, na hela inayobaki baada ya kodi na ya kutuma nyumbani inaingia kwenye nguo za zamani za gofu: majaketi ya klabu, koti za tuidi (ile sufu nene), kofia, sketi za kina mama wa zamani. Watu wananiuliza kwa nini gofu wakati sichezi. Kwa sababu nguo ya gofu inavutwa. Mtu akizungusha fimbo mgongo unatanuka, kwapa linavutika, bega linapanda, anafanya hivo mara mia kwa siku kwenye upepo na mvua miaka ishirini, halafu anakufa na jaketi linabaki. Ukilishika unamwona mwenyewe alivosimama. Suti ya harusi haina habari za namna hiyo hata kidogo.

Sasa hili nililopakata nililinunua mwaka jana kwenye gulio la Jumapili asubuhi, paundi 85, muuzaji aliniambia ni la kuwindia mbweha. Jekundu, fupi, linaishia kwenye nyonga, kola ya mahameli ya kijani iliyochakaa, na vifungo vimekatwa vyote, hata kimoja hakikubaki. Nikamlipa bila kubishana bei manake nilishaona sio la kuwindia. Jaketi la mwindaji linashonwa kwa sufu nzito ile ya meltoni ili miiba isipite, linashuka mpaka mapajani limkinge akiwa juu ya farasi, na ndani kwenye pindo mara nyingi utakuta sufu ya draftidrafti. La mwanajeshi nalo ukipekua utakuta muhuri wa mshale mpana wa serikali au namba za kikosi. Hili halina hata kimoja, ni jepesi, fupi, na kwapani limeongezewa kipande cha kitambaa cha pembetatu ili mkono upande bila kuvuta jaketi zima. Nani anahitaji mkono upande namna hiyo kama sio mtu wa fimbo?

Ila nina wasiwasi mmoja na ndo umenileta huku. Mwaka juzi muuzaji mmoja wa mtandaoni, jina nalihifadhi, aliniuzia kwa paundi 310 kitu alichokiita jaketi la gofu la miaka ya 1880. Lilipofika nikalimulika na tochi ile ya kukagulia noti, uzi wote ukawaka rangi ya bluu kama taa. Uzi wa zamani hauwaki hivo, dawa za kung'arisha weupe zimeanza kutiwa kwenye nyuzi na sabuni kipindi cha Vita vya Pili vya Dunia kuja huku. Hela sikurudishiwa na niliumia mwezi mzima. Sasa hili la paundi 85 nalo nilipolimulika, mishono ya mabega imekaa kimya, nzuri kabisa, lakini uzi wa bitana unawaka. Nusu kimya nusu inawaka. Nimelala na hilo swali toka mwaka jana.

Shoga yangu anaishi Leith, upande wa bandari wa Edinburgh, kaja kunipokea stesheni ya Waverley na chapati kwenye mfuko zikiwa bado za moto.

Siku ya pili, Ijumaa

Asubuhi nimeenda makumbusho ya picha za watu, Queen Street, nikaitazame picha ya mchoraji William Mosman. Hii picha nimeiona kwenye simu mara nyingi lakini kuiona ukutani ni habari nyingine. Ni watoto wawili wa ukoo wa MacDonald, ilichorwa karibu 1749, mmoja ana bunduki na mwingine ana fimbo ya gofu, wote wamevaa tatani, kile kitambaa cha drafti cha Kiskoti, kuanzia juu. Na hapo kumbuka kuna sheria ya 1746 iliyopiga marufuku mavazi ya Nyanda za Juu za Uskoti baada ya maasi ya watu wa huko dhidi ya mfalme, ikaja kufutwa 1782, yaani picha imechorwa marufuku ikiwa hai. Nimesimama pale karibu nusu saa nikisoma mikunjo ya tatani kwenye kiwiko cha yule wa gofu. Mchoraji alikuwa anajua nguo, mistari inavunjika pale pale ambapo kitambaa kingevunjika kweli.

Hiyo ndo inanikumbusha jambo ambalo watu wengi wanakosea, wanadhani toka mwanzo wachezaji wote walivaa nyekundu. Hapana, mwanzo watu walicheza na nguo walizonazo. Nyekundu imekuja na vyama vya wachezaji, na sababu yake ni ya kawaida kabisa, viwanja vilikuwa ardhi ya wote, watu wanachunga ng'ombe humohumo, kina mama wanaanika nguo, watoto wanacheza, sasa mpira mgumu ukirushwa watu lazima wajue ni wapi unatokea. Mtu mwekundu anaonekana mbali. Mpaka leo London, pale Wimbledon Common, anayecheza gofu lazima avae nguo nyekundu juu, manake ile bado ni ardhi ya umma.

Mchana tumepanda tramu kurudi Leith, tukashuka tukatembea hadi Leith Links. Sa hizi ni bustani tu, mbwa, baiskeli, vijana wanapiga soka. Lakini hapa ndo 1744 mji wa Edinburgh ulitoa fimbo ya fedha iwe zawadi, wachezaji wakaandika kanuni 13, na mshindi wa kwanza akawa daktari wa upasuaji, John Rattray. Uwanja mzima ulikuwa na mashimo matano. Sanamu yake ipo, ameshika fimbo yuko katikati ya kupiga, na mi badala ya kuangalia uso nikazunguka nyuma kuangalia mgongo wa koti. Aliyefinyanga kaweka mvutano kwenye bega la kushoto kwa nyuma. Nikafurahi sana. Shoga yangu akaniuliza "dada unacheka na nani?" nikamwonesha, tukashikashika shaba pale kama tunapima mteja.

Chama hichohicho cha wachezaji wa Edinburgh kilikuwa kikali kwenye mavazi. Kwenye daftari lao la vikao la 1776 kuna luteni mmoja anaitwa James Dalrymple, alikutwa amecheza mara tano bila sare, akakiri kosa, akapigwa faini ya painti sita za kinywaji. Kiukweli mi kumbukumbu kama hiyo naipenda kuliko matokeo ya mashindano yote, manake inakwambia jaketi halikuwa pambo. Ukilivua umekosea wenzio.

Siku ya tatu, Jumamosi

Musselburgh kwa basi, kama nusu saa hivi, upepo wa baharini unapiga mpaka machozi yanatoka. Uwanja wa zamani wa mashimo tisa bado upo katikati ya uwanja wa mbio za farasi. Open, yale mashindano makubwa ya gofu ya Uingereza, ilichezwa hapa mara sita kati ya 1874 na 1889. Na kabla ya hapo, kina mama wauza samaki wa mji huu walikuwa wanacheza, mwanzoni mwa 1811 wakaandaliwa mashindano yao, zawadi kikapu kipya cha samaki na vitambaa vya hariri vya Barcelona. Nimekaa kwenye ukuta nikawawaza, sketi nzito za mistari za tabaka mbili tatu, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko, harufu ya samaki. Nguo zao ndo ningezitaka kuliko za bwana yeyote. Nguo za kazi zinavaliwa mpaka zinaisha, zinakuwa matambara ya kufutia, zinakwisha kabisa, ndo maana makabati ya wakusanyaji yamejaa nguo za matajiri tu.

Kuna duka la vitu vya kale nilielekezwa, mlango mdogo, ndani kumejaa hadi unatembea upande. Mwenye duka ni mama mtu mzima, miaka themanini kasoro, mkono wake mmoja unatetemeka. Nikamfungulia shuka juu ya meza yake. Hakusema kitu kama dakika tano, akavaa miwani, akageuza kola, akanusa, akapitisha kidole pale vifungo vilipokuwa. Ukiangalia kwa mwanga wa pembeni utaona miduara, wekundu wa pale ni mbichi kuliko pengine kote manake jua halikufika, na kitambaa kimebonyea kwa uzito wa shaba. Nimeipima, ya mbele milimita 24, ya mikononi 16.

Nikamweleza habari ya uzi unaowaka na usiowaka. Akaniuliza, bitana umeifungua? Nikasema sijathubutu. Akaniambia kwa upole kabisa kuwa bitana ndo kitu cha kwanza kuoza kwenye jaketi, jasho linaikata, mwenye jaketi anampelekea fundi anawekewa nyingine, na fundi mvivu haondoi ya zamani, anashonea juu yake. Jamani. Mi fundi, mtoto wa fundi, nimewekea watu bitana mpya mara ngapi, na sikuliwaza. Nilivoogopa kutapeliwa tena nikasahau kazi yangu mwenyewe.

Alinipa vifungo vya kuangalia, sanduku zima la biskuti. Akanifundisha kugeuza kwanza, mbele kuna nembo ya klabu lakini nyuma kuna jina la mtengenezaji, na watengenezaji walikuwa wanahamahama mitaa, kwa hiyo anwani iliyoandikwa nyuma inakusaidia kujua miaka. Vingi vilitengenezwa Birmingham na London. Na wakusanyaji wengi wanakata vifungo wanatupa nguo, kwa sababu kifungo kinaenea kwenye bahasha. Ndo yaliyolikuta hili langu bila shaka. Unakata shaba kumi kwenye sufu ya miaka mia na zaidi halafu sufu unaibwaga kwenye gulio! Nimenunua kifungo kimoja tu cha milimita 24 kisicho na nembo, paundi 6, sio cha kushonea, ni cha kulinganisha na ile miduara. Kimekaa sawasawa kabisa.

Siku ya nne, Jumapili

Treni hadi Leuchars, kisha basi hadi St Andrews. Mvua ya manyunyu.

Makumbusho ya gofu yako karibu tu na jumba la R&A, klabu ya zamani ya gofu ya hapa, nimeingia saa nne nimetoka saa nane, watu walioingia na mi walishatoka wakala wakarudi. Siwezi kueleza kila kitu. Majaketi mekundu yako nyuma ya kioo na mwanga umefifishwa, na ni sawa, rangi ya nguo inaliwa na mwanga hata kuliko nondo. Wekundu wa zamani ulitoka kwa kina nani? Mzizi wa mmea wa madda ndo wa bei nafuu, ule wa askari wa kawaida, na kochinili, wadudu wadogo waliokaushwa, ndo wa maofisa na wenye nacho. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1860 wakajua kutengeneza rangi ile ya madda kiwandani na bei ikaanguka. Kwa macho hutofautishi kirahisi, ila madda inaelekea tofali na kochinili inaelekea waridi ikipauka. Langu limepauka kuelekea tofali.

R&A wenyewe kwenye kumbukumbu zao za 1780 waliandika kwamba majaketi yao ya gofu yamekuwa na hali mbaya, watashona mapya, mekundu yenye vifungo vya njano. Hebu fikiria, 1780 tayari yale ya mwanzo yamechakaa! Miaka minne mbele wakabadili tena. Kwa hiyo mtu akikwambia jaketi la klabu fulani ni lazima liwe hivi na vile mwulize la mwaka gani.

Na kanuni moja ya pale St Andrews ya karne ya 19 naipenda mno, inasema mpira ukitua juu ya nguo, au ukawa karibu na beseni la kufulia kwa urefu wa fimbo moja, nguo zivutwe chini ya mpira na beseni liondolewe. Yaani bwana wa jaketi jekundu amesimama anasubiri shuka la mama wa watu livutwe taratibu mpira usisogee. Uwanja ulikuwa wa wote wawili, na nguo za wote wawili zilikutana pale kwenye majani.

Kwa upande wa kina mama, klabu yao hapa ilianza 1867, na walianzia kwenye uwanja mdogo wa kusukumia mpira taratibu, sehemu yenyewe ni kwa sababu ilionekana haifai mwanamke kunyanyua fimbo juu ya bega. Ukiangalia nguo zenyewe unaelewa, mikono imebanwa, kiuno kimefungwa koseti, sketi inafagia chini na upepo wa hapa hauna adabu. Wakaja kubuni mkanda wa lastiki unaitwa Miss Higgins, unakaa kiunoni halafu unaushusha magotini sketi isipeperuke ikaficha mpira. Baadaye wakavaa nao majaketi mekundu na mabushuti mafupi yenye bitana ya rangi za klabu. Lady Margaret Scott alishinda mashindano matatu ya kwanza ya kina mama wa Uingereza, 1893 hadi 1895, akiwa ndani ya nguo hizo zilizobana, na mi kama fundi namvulia kofia, manake mkono ule ulivokatwa najua hauruhusu. Ikaja hadi 1933 ndo Gloria Minoprio akatokea na suruali kwenye mashindano ya kina mama wa England, waandaaji wakamkemea.

Nikatoka nikaenda makaburini, kanisa kuu lililobomoka. Kaburi la Tommy Morris mdogo, alishinda Open nne, akafa 1875 ana miaka 24. Mchongaji amemchonga kwenye jiwe ameinama anataka kupiga, amevaa jaketi la kawaida la mchana na kofia ya Kiskoti. Sio jekundu, sio la klabu. Manake yeye na baba yake walikuwa watu wa kazi, wanalipwa kucheza na kutunza uwanja, sare ya mabwana haikuwahusu. Nimegusa pindo la lile jaketi la jiwe. Vifungo vyake vipo vyote.

Jua likazama saa kumi kasoro, basi likachelewa, nimerudi Leith usiku nimelowa.

Siku ya tano, Jumatatu

Leo sijatoka. Mvua kubwa, shoga yangu kaenda kazini, mi nimepangusa meza ya jikoni mara mbili, nikatandika shuka, nikaosha mikono nikaikausha vizuri, nikapiga picha kila upande. Halafu nikakaa nalo tu. Nilikuwa naogopa.

Nikaanza chini ya mfuko wa ndani wa kulia, kwa mkasi mdogo wa kudarizia, mshono mmoja mmoja, uzi naoutoa naubandika kwenye karatasi. Uzi wa mashine, ule unaowaka. Nimefungua kama sentimita 12. Nikaingiza kidole kimoja nikahisi kitambaa kingine chini, laini, chembamba. Nikawasha tochi ya noti, nikachungulia. Kimya. Giza. Hakuna kinachowaka.

Nimelia, sioni aibu kusema.

Bitana ya kwanza ni pamba nyeusi inayong'aa, imeoza kwapani mpaka imekuwa kama utando, ila kifuani ni nzima. Nikafungua zaidi kidogo nikaona sehemu ya ndani ya kifua ilivojengwa, kile kitambaa kigumu cha kusimamisha kola, kimeshikwa kwa bandi za mkono, mamia, ndogondogo, zimelala kama mifupa ya samaki, kila moja imeshika nyuzi mbili tatu tu za sufu ili isitokee nje. Baba alinifundisha hizo nikiwa na miaka tisa, nilishona nikafumua, nikashona nikafumua, yeye anapitisha kiganja kwa nje na macho amefumba akihisi uvimbe ananirudishia. Fundi wa jaketi hili hana uvimbe.

Na ndani ya mfuko wa ndani wa zamani, ule uliofunikwa, ipo lebo. Mafundi wa zamani wa suti walikuwa wanaificha humo. Imefumwa kwa hariri, jina la fundi na Edinburgh, chini yake mstari umeandikwa kwa wino wa kahawia, jina la mteja na tarehe, 12/4/98. Jina silitaji, anaweza kuwa na vitukuu na mi sijawaomba ruhusa. Ila 1898! Ni kipindi ambacho jekundu lilikuwa linaelekea kuisha, vijana walishaanza kuvaa koti za tuidi zile za Norfolk zenye marinda mgongoni na mkanda, baadaye zikaja suruali za plasi foo zinazoning'inia inchi nne chini ya goti, halafu 1922 mtoto wa mfalme akiwa kapteni wa R&A akatokea na sweta la Fair Isle, lile la mapambo ya rangi nyingi, na kila mtu akataka sweta. Huyu bwana wa 1898 alishona jekundu kwa sababu alilitaka, sio kwa sababu kila mtu alikuwa nalo.

Kingine. Kwenye kona ya mfuko wa nje, upande wa ndani ambao bitana mpya iliuziba, kulikuwa na mchanga. Kidogo, hata robo kijiko haufiki, mweupe, una chembe za makombe. Kabla ya vijiti vya mbao watu walikuwa wanachota mchanga wanafinyanga kichuguu wanaweka mpira juu yake. Alikuwa anafuta vidole mfukoni. Nimeukusanya kwa brashi ya rangi nikautia kwenye chupa ya dawa, nimeandika tarehe.

Na bega. Mshono wa nyuma wa bega la kushoto umeachia na kurudishiwa mara mbili, kwa nyuzi mbili tofauti, zote kimya kwenye tochi. Nimeliacha kama lilivo. Sishonei kitu, sirudishi vifungo, nimepiga bandi nyepesi tu kwenye ule upenyo ili lisafiri salama. Jioni nimelitia kwenye mfuko wa plastiki, hewa nimeitoa, na nikifika nyumbani linaingia freeza wiki mbili, manake nimeona kitundu kimoja cha nondo chini ya kola na sitaki mayai yahamie kwenye tuidi zangu.

Siku ya sita, Jumanne

Asubuhi mapema Glasgow, halafu Prestwick kwa treni ya pwani, kukaa kwenyewe saa moja tu. Nilitaka kuona lile rundo la mawe linaloonesha walipoanzia Open ya kwanza, 1860, wachezaji wanane wa kulipwa, raundi tatu za mashimo 12 kwa siku moja, Willie Park akashinda. Inasimuliwa kuwa walikuwa wamevaa vibaya mpaka bwana mkubwa wa eneo, Earl wa Eglinton, akawapa kila mmoja jaketi la drafti nyeusi na kijani, lile wanalovaa vibarua wa shamba lake. Jaketi moja la hayo likitokea leo sijui ningefanyaje. Kwa hakika ningeuza gari.

Kisha nikarudi Glasgow nikachukua treni ya kwenda Clydebank, nikashuka stesheni inaitwa Singer. Ndiyo, Singer ya cherehani. Kiwanda chenyewe kilifunguliwa 1885, kikafungwa 1980, sa hizi kuna majengo mengine tu ya biashara, ila jina limebaki kwenye kibao cha stesheni. Nimesimama chini ya kibao na mfuko wangu wa jaketi, kijana mmoja akanipiga picha, nikampigia baba kwa video.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mbona umevaa kama unaenda mwezini?"

Nikamwonesha kibao. Akanyamaza. Akaita watu wa dukani waje waone, akasoma kwa sauti, Singa, ee, Singa. Nikamweleza habari yote ya bitana, lebo, mchanga, bandi za kifuani. Hakuuliza bei, hakuuliza klabu gani. Aliuliza kwapa limekatwaje, nikamweleza ile pembetatu. Halafu akauliza, "Bega gani limechoka?"

"La kushoto, kwa nyuma."

"Basi alikuwa anapigia kulia huyo. Mrefu?"

"Mkono inchi 25 na nusu."

"Mrefu wa wastani. Ngoja nikusomee namba ya mashine yangu, ngoja, usikate." Nikasikia anasogeza kiti, anapuliza vumbi, anatafuta miwani. Mashine nyingi zilizotoka hapa katika miaka ya 1920 namba zake zinaanza na Y, nilishamwambia zamani akasema ataangalia, hakuwahi. Treni ya kurudi Glasgow imeshaonekana kwenye kona, na baba anasoma pole pole, kidole kikiwa juu ya chuma, "Wai... nane... tatu... hii imefutika... mwanangu bado upo?"